Kijana wa gemu na kiti chake cha kipaimara



Leo naomba uwe na subira nami kidogo, maana ninachoandika nimekificha mbele ya wazee wa kanisa langu kwa miaka kumi na miwili. Mimi ni mchezaji gemu. Sizungumzii ile mechi moja ya mpira ambayo kila kijana amewahi kuicheza kibandani huku akisubiri zamu yake ya kunyolewa. Nazungumzia gemu za mtandaoni, zile ambazo mtu anaingia akiwa na jina jingine, mwili mwingine na kazi nyingine, anakutana humo na watu wa Brazili, Ufilipino na Ujerumani, kisha wote wanakwenda kupigana na joka usiku wa manane. Nina umri wa miaka thelathini na nane, nina mke na watoto wawili, nafundisha Shule ya Jumapili hapa Ushongo, na nimewahi kukesha kwa ajili ya joka.

Ningeendelea kunyamaza kama si kilichotokea Jumamosi, wiki tatu zilizopita.

Darasa la kipaimara la mtaa wetu lina vijana sita. Kanisa letu ni dogo. Huku pwani ya Pangani sisi Wakristo ni wachache, majirani zetu wengi ni Waislamu, na kijana mmoja akikosekana kwenye benchi pengo linaonekana. Mmoja wa hao sita ni mvulana wa miaka kumi na tano ambaye mara nyingi hufika darasani na chumvi kwenye miguu, kwa sababu asubuhi humsaidia mjomba wake kuvuta ngalawa. Ni mpole, anajua Amri Kumi na maelezo yake kuliko wenzake, na haongei mpaka aulizwe.

Mzee mmoja wa kanisa alimkuta usiku chini ya mkwaju ulio karibu na ufuko, mahali ambapo mtandao unashika vizuri. Akamwuliza anafanya nini. Kijana, kwa uaminifu ambao mimi sikuwa nao, akajibu, "Nacheza gemu, mzee." Akaulizwa, "Na humo wewe ni nani?" Akasema, "Mchawi."

Neno hilo lilimaliza kesi. Jumamosi aliitwa mbele ya wazee. Ikasemwa kwamba anayeigiza uchawi ameshafungua mlango, kwamba hawezi kuwekewa mikono na mchungaji huku mikono yake mwenyewe inarusha moto wa kichawi, na kwamba asipoileta simu iharibiwe na kutubu mbele ya usharika, jina lake litatolewa kwenye orodha. Simu yenyewe ni ya mama yake, aliyeinunua kwa fedha za vitumbua.

Nilikuwapo kwenye kikao hicho. Mfukoni mwangu nilikuwa na simu yenye gemu ile ile. Nikaulizwa, "Mwalimu, wewe unasemaje?" Nikajibu, "Wazee mmeshasema." Petro alipomkana Bwana uani kwa kuhani mkuu alikuwa angalau anaota moto kwa sababu ya baridi. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya feni.

Siandiki kuwaaibisha wazee wangu. Huyo mzee aliyesema sana ndiye aliyetupokea mimi na mke wangu tulipohamia hapa, akatupa na mbegu za mihogo. Ana hofu ya kweli, na hofu yake ina msingi ambao nitaueleza. Lakini uamuzi wenyewe haujafungwa, na wewe msomaji huenda unakaa kwenye baraza la wazee kama hilo, Muheza au Mbeya au Kariakoo, na kesho utaletewa kijana kama huyu.

Kwanza tuelewane hizi gemu ni nini. Sote tulicheza kibaba na kimama tukiwa wadogo. Tulipika mchanga kwenye kifuu, mmoja akawa mama, mmoja akawa daktari, mmoja ambaye hakupendwa sana akawa mgonjwa. Gemu za kuigiza uhusika ni mchezo huo huo uliowekewa kanuni na kuchezwa na watu wakubwa. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons. Mchezaji mmoja anakuwa msimulizi, wengine wanachagua wahusika, na dadu inaamua kama upanga umepata au umekosa. Mwaka 1978 Roy Trubshaw wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kutengeneza mchezo wa namna hiyo kwenye kompyuta, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maandishi matupu, na watu kadhaa waliweza kuwamo kwa wakati mmoja. Mwaka 2004 ikaja World of Warcraft, ambayo kufikia 2010 ilikuwa na walipaji milioni 12. Leo mambo hayo yameingia kwenye simu, na bando la shilingi chache linatosha kumpeleka mtoto wa Ushongo huko.

Humo ndani unachagua kazi. Kuna askari mwenye ngao, kuna mpiga upinde, kuna yule wa kutibu majeruhi, na kuna anayesoma vitabu vinene na kurusha moto. Huyu wa mwisho kwa Kiingereza ana jina ambalo sisi, kwa kukosa neno bora, tunamwita mchawi. Hapo ndipo kijana wetu alipokwama.

Naomba nimtetee mzee kidogo hapa. Neno mchawi kwa Mzungu ni mtu wa ngano mwenye ndevu ndefu na kofia iliyochongoka. Kwetu mchawi ni jirani. Katika nchi hii wanawake vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kutajwa tu neno hilo, kosa lao likiwa macho mekundu ya moshi wa jikoni. Mkoa wetu wa Tanga una sifa yake ya uganga ambayo hatuhitaji kuielezea hapa. Mzee aliyekulia kwenye hofu hiyo, akaokoka humo, hawezi kusikia mtoto anasema "mimi ni mchawi" akacheka. Angekuwa mtu wa ajabu kama angecheka. Kijana angesema "mimi ni mrusha moto" huenda tusingefika kwenye kikao.

Hata hivyo, Krismasi iliyopita watoto wa Shule ya Jumapili waliigiza kuzaliwa kwa Yesu. Mjukuu wa mzee huyo huyo alikuwa Herode. Alivaa kanga nyekundu, akapiga meza, akaamuru watoto wachanga wa Bethlehemu wauawe, na akafanya vizuri kiasi kwamba kanisa zima lilipiga makofi. Babu yake alisimama kumpiga picha. Hakuna aliyesema mtoto amefungua mlango wa mauaji. Tulijua anaigiza, na tulijua kwa nini.

Biblia nayo imejaa watu wanaoigiza. Nathani alimletea Daudi kisa cha mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akanaswa ndani ya hadithi kabla hajajua ni yake. Ukisoma 2 Samweli 14 utamkuta mwanamke wa Tekoa aliyefundishwa na Yoabu avae nguo za msiba na ajifanye mjane, asimame mbele ya mfalme na kusema maneno aliyopewa, ili Absalomu arudishwe nyumbani. Kuna nabii katika 1 Wafalme 20 aliyejifunga kitambaa machoni akajifanya askari aliyepoteza mateka. Na Ezekieli, sura ya 4, aliambiwa achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, auzungushie boma na majeshi, kisha alale ubavu mmoja siku 390 na ubavu wa pili siku 40. Sisemi Ezekieli alikuwa mchezaji gemu. Nimecheka mwenyewe nilipoandika sentensi hii. Nasema Mungu hakuona haya kumtumia mtu mzima aliyelala chini mbele ya mji mdogo wa udongo.

Upande wa pili upo, tena ni mzito. Yakobo alivaa ngozi za mbuzi akaigiza kuwa Esau ili aibe baraka, na nyumba yao ikavunjika. Neno tunalolisoma kama mnafiki katika Injili, kwa Kigiriki lilikuwa neno la mwigizaji wa jukwaani. Bwana Yesu alilitumia kwa watu wa dini waliosali kwenye kona za barabara ili waonekane. Kwa hiyo kuigiza kunaweza kuwa dhambi, ila mifano mikali ya Injili inawahusu zaidi waigizaji walioko kanisani kuliko walio chini ya mkwaju, nami nikiwa mmoja wa hao wa kanisani.

Hofu hii ya wazee wetu si mpya. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu katika jimbo la Michigan, Marekani, alitoweka. Alikuwa anacheza ule mchezo wa mezani niliotaja, na upesi habari zikaenea kwamba mchezo ndio uliompoteza, labda amekufa kwenye mahandaki yaliyo chini ya chuo. Alipatikana hai, mbali na hapo. Baadaye mpelelezi aliyeajiriwa na familia kumtafuta, William Dear, aliandika kitabu akieleza kwamba mchezo haukuwa chanzo. Kijana alikuwa na huzuni na upweke, na alibeba mzigo wa matarajio ambao hakuuweza. Lakini kitabu kilitoka mwaka 1984, na kijana alikuwa ameshajiua tangu 1980. Kwa miaka hiyo yote na baada yake, makanisa mengi ya Marekani yaliendelea kuhubiri juu ya mchezo. Mimi hunitesa kufikiri kwamba watu wengi walikuwa wanamzungumzia kijana yule na wachache sana walikuwa wanazungumza naye.

Sasa nikusimulie kuhusu Mnorwe mmoja anayeitwa Mats Steen. Alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli mwaka hadi mwaka. Alitembelea kiti cha magurudumu, na mwishoni alikuwa anasogeza vidole tu. Alicheza World of Warcraft kwa maelfu ya saa. Wazazi wake walihuzunika, wakaamini mtoto wao anaondoka duniani bila kuwa na rafiki wala kuwa na faida kwa mtu yeyote. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Baba yake akaingia kwenye ukurasa wa mwanawe mtandaoni, akaandika kwamba Mats hayupo tena. Yakaanza kumiminika majibu kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, ya watu ambao wazazi hawakuwahi kuwasikia, wakimlilia mtu waliyemfahamu kwa jina la Ibelin. Mama mmoja wa Denmark alieleza jinsi alivyoshindwa kumfikia mwanawe mwenye usonji, na Mats akamshauri acheze naye ndani ya gemu. Humo mama na mwana wakaanza kukaribiana. Msichana wa Uholanzi alinyang'anywa kompyuta na wazazi wake, na Mats akawaandikia wazazi hao barua. Baadhi ya watu hao walisafiri mpaka Oslo kumzika. Habari zake zimetengenezewa filamu iliyotoka mwaka 2024, na filamu haifichi kwamba alikuwa na makosa yake pia. Alikuwa anawaficha wenzake ugonjwa wake, na kuna wakati aliwaumiza kwa maneno.

Nimeitazama filamu hiyo mara mbili, na mara zote mbili nilimfikiria baba yake. Nina sababu.

Baba yangu alikuwa na kisukari. Alikuja kuishi nasi miaka yake ya mwisho, yeye na Mama, kwenye nyumba yetu ya vyumba vitatu nyuma ya minazi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kilichotakiwa kusafishwa kila jioni na kufungwa bendeji safi, kama tulivyoelekezwa kwenye zahanati. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Mama macho yake yalishapungua nguvu, na mke wangu alikuwa na mtoto mchanga.

Wakati huo mimi katika gemu nilikuwa mtabibu. Katika kikosi cha watu kumi nilikuwa ndiye ninayewaponya wengine wanapojeruhiwa, na nilikuwa mzuri. Walinisubiri, wasingeanza bila mimi. Mtu ambaye kutwa nzima ofisini ni wa kuambiwa "leta faili, peleka faili" anajisikia vizuri sana kusubiriwa. Na jambo ambalo asiyecheza halijui ni kwamba gemu ya mtandaoni haisimami. Ile ya kibandani unabonyeza kitufe, mchezaji anaganda, unakwenda kunywa maji. Ya mtandaoni ukitoka wenzako tisa wanakufa, na watakuambia kwa lugha tatu.

Basi jioni Mama huniita, "Mwanangu, njoo umfungue baba yako kidonda." Namjibu, "Nakuja, Mama." Baada ya nusu saa ananiita tena. "Nakuja." Kuna siku nilipotoka chumbani saa nne usiku nikamkuta Mama ameshika tochi kwa meno, anafunga bendeji kwa kupapasa. Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hao unaowatibu huko, wanapona?"

Nikasema, "Wanapona, Baba."

Akasema, "Vizuri."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari alinieleza kwa upole kwamba sukari ilikuwa juu kwa miaka mingi na kwamba huenda lingetokea tu. Ninamshukuru kwa kusema hivyo. Lakini jioni zilikuwa ngapi najua mimi, Mama na Mungu. Baba aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na katika miaka hiyo mitatu nilimfunga kidonda kila jioni bila kukosa.

Kwa hiyo usinielewe vibaya ninapomtetea kijana. Sikuja kukuambia gemu hazina neno. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022, na dalili zake nilizisoma kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata unapoona madhara. Uchina mwaka 2021 iliamuru walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, kwa siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sitaki serikali iingie chumbani mwangu namna hiyo, lakini ninaelewa walichokiogopa.

Ninachosema ni kwamba wazee walimwuliza kijana swali lisilo lenyewe. Walimwuliza ndani ya gemu yeye ni nani. Mimi ndani ya gemu nilikuwa mtabibu, kazi ya Msamaria Mwema kabisa, na baraza lolote la wazee lingenipitisha kwa makofi. Yeye ni mchawi, na nimeulizia: mjomba wake anasema ngalawa haijawahi kumsubiri.

Kama wazee wangetaka kuuliza maswali, kuna mengine ninayoyaogopa zaidi. Wangeuliza habari za fedha. Gemu nyingi za simu ni za bure kuzipakua, halafu humo ndani unauziwa vitu, na vingine unauziwa kwa bahati nasibu: unalipa, sanduku linafunguka, huenda ukapata upanga wa dhahabu na huenda ukapata soksi. Ubelgiji mwaka 2018 ilitamka kwamba masanduku hayo ni kamari na kuyakataza. Hapa kwetu sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini mtoto wa miaka kumi ananunua almasi za gemu kwa fedha za vocha aliyotumwa na mama yake, na hakuna anayejua ni kitu gani. Nami nikiwa nasema hayo, niongeze kwamba kuna duka la muumini mwenzetu lenye mashine ya dubwi mlangoni, watoto wa shule wanatumbukiza sarafu humo mchana kweupe, na sijawahi kusikia likitajwa kwenye kikao. Labda ni kwa sababu dubwi halina mchawi.

Wangeuliza pia anaongea na nani. Gemu hizi zina sehemu ya kuandikiana na kuzungumza, na si kila anayejiita mtoto ni mtoto. Mzazi mpendwa, hili ndilo ningependa ulibebe kutoka kwenye kurasa za leo hata ukisahau mengine: kaa karibu na mwanao umwambie, "Hebu nionyeshe." Usianze na kunyang'anya. Akikuonyesha kwa furaha, umeshajua mengi. Akikuficha, umejua zaidi. Na ukiona haya kwamba hujui kubonyeza, cheka naye. Wazee wanaokaa chini ya mwembe wetu wanacheza bao tangu alasiri mpaka magharibi, mashimo 32 na kete 64, na mjukuu akiuliza wanamfundisha kwa fahari. Mtoto naye ana fahari yake, anatafuta wa kumwonyesha.

Wapo waliopata zaidi ya kupoteza muda. Lual Mayen ni kijana wa Sudan Kusini ambaye familia yake ilikimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza, akamwambia mama yake anaitaka. Mama huyo, mkimbizi, alidunduliza kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300. Kijana alitembea saa tatu kwenda mahali pa kuichaji. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu inayoitwa Salaam, ambamo mchezaji anakuwa mkimbizi anayekimbia, anayetafuta maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 alitambuliwa huko Marekani kwenye tuzo kubwa za gemu duniani. Huwa najiuliza, kama kambini kungekuwa na kikao cha kuharibu kompyuta ile, nani angeipinga? Huenda ni mama peke yake, aliyejua bei yake.

Jumatano iliyopita nilikwenda kwa kina kijana. Nilimkuta uani anatengeneza wavu. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, hujambo?" Akaniletea kigoda. Nilizunguka sana kabla ya kusema kilichonileta, nikazungumzia bei ya dagaa, nikazungumzia mvua. Mwisho nikatoa simu yangu, nikafungua ile gemu, nikampa. Aliangalia jina langu la humo, akaangalia ngazi niliyofikia, akaniangalia mimi. Akasema, "Mwalimu, na wewe ulikuwapo siku ile."

Nikasema, "Nilikuwapo."

Hakusema kitu muda mrefu. Nilitamani angenitukana. Nikamwomba msamaha, mtu mzima kwa mtoto, jambo ambalo sijalizoea hata kwa watoto wangu. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akarudi na daftari la hesabu. Kwenye kurasa za miraba alikuwa amechora ramani. Ni kisiwa cha Maziwe, kile kilichoko mbele yetu baharini. Babu yake amemsimulia kwamba zamani kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga huko. Miti imekwisha, kisiwa kimebaki fungu la mchanga, maji yakijaa kinafunikwa, na mayai yanayotagwa huko watu huyahamishia kwenye ufuko wetu hapa Ushongo yasife. Kijana anataka kutengeneza gemu ambamo wewe ni kasa uliyerudi baada ya miaka thelathini kutafuta mahali ulipozaliwa, na hapapo. Amehesabu mpaka muda wa maji kujaa na kupwa. Hajui ataitengeneza vipi, hana kompyuta. Pembeni ya ramani ameandika orodha ya wahusika: kasa, mvuvi, babu, papa.

Nikamwuliza kwa nini hakuonyesha daftari hili kwenye kikao. Akasema hakuulizwa.

Kisha akauliza na yeye lake: kama kwa yule mchawi ametenda dhambi kweli. Nilimwambia ninavyoamini, kwamba kuigiza si kuwa. Nikamwambia pia kwamba mtume Paulo, alipoulizwa juu ya nyama za sanamu, alijua sanamu si kitu, lakini akawa tayari kuiacha nyama kuliko kumkwaza ndugu. Nikamweleza kwa nini mzee anaogopa, habari za vikongwe na macho mekundu. Alisikiliza. Akasema anaweza kumbadilisha mhusika wake awe mpiga upinde, hiyo si shida, ni kuanza tu tena ngazi ya kwanza. Lakini simu ya mama yake hawezi kuitoa ivunjwe. Hapo niliona hana ukaidi hata kidogo. Alikuwa anamfikiria mama.

Baraza la wazee linakaa leo baada ya ibada. Nimeomba dakika kumi kwa mwinjilisti, amenipa tano. Daftari ninalo, nimeazimwa kwa masharti kwamba lisilowe. Simu yangu nayo nitaiweka mezani ikiwa imefunguliwa kwenye ukurasa wenye jina langu la humo, ngazi yangu na idadi ya saa nilizocheza, ambayo mke wangu mwenyewe aliiona jana kwa mara ya kwanza. Kama kuna jina la kutolewa kwenye orodha kwa ajili ya gemu, wataanza na la mwalimu wa Shule ya Jumapili.